Pumzi Katika Kiitikio

Siku hiyo duka la mablanketi lilikuwa limefurika. Baridi ilikuwa imeingia bila hodi, na mji mzima ulikuwa umekumbuka kwa pamoja kwamba hauna cha kujifunika. Watu walikanyagana, watoto walilia, na muuzaji alijibu maswali yote ya bei kwa neno moja tu: "Haipungui."

Katikati ya vurumai hiyo, mwanamume mmoja mrefu, mwenye shati la kazi la buluu na doa la grisi mfukoni, alikuwa ameingiza kichwa chote kati ya mablanketi mawili yaliyoning'inizwa, na alikuwa akipiga makofi. Pa! Ananyamaza, anasikiliza. Pa! Anahamia jingine.

"We bwana!" muuzaji akamkemea. "Hapa dukani, si ngomani."

"Nalijaribu," sauti ikatoka blanketini.

"Blanketi linajaribiwa kwa makofi tangu lini?"

Nyuma yake, msichana aliyekumbatia mashuka ya shangazi yake alijikaza asicheke, akashindwa. Kicheko kikamtoka chote, kikapanda, kikashuka, kikajaa duka.

Kichwa kikachomoka, nywele zimejaa manyoya ya blanketi.

"Cheka tena," mwanamume akasema.

"Unasemaje?"

"Hicho kicheko. Kirudie, ila ingia humu ndani kwanza." Akampanulia mablanketi kama anafungua pazia.

"Kaka yangu, hata salamu hatujapeana, ushanikaribisha blanketini?"

Duka zima likaangua kicheko. Mwanamume akaelewa alichokisema, akawa hajui auweke wapi uso wake. Akaeleza kwa haraka, huku akijikung'uta manyoya, kwamba yeye ni fundi wa majokofu, lakini nyumbani anarekodi muziki chumbani kwake, na chumba chenyewe kina kuta tupu. Sauti inagonga ukuta inarudi, inagonga inarudi, mwimbaji anasikika kama yuko bafuni. Blanketi zito linaimeza sauti isirudi. Ndiyo maana ya makofi.

"Na mimi nahusikaje?" msichana akauliza.

"Wewe unaimba."

"Nani kakwambia?"

"Kicheko chako. Kimeanzia juu kabisa kikateremka bila kukwaruza mahali. Asiyeimba hawezi."

Kweli alikuwa akiimba, lakini akiwa peke yake tu, asubuhi, wakati akifuta meza ya mapokezi katika kliniki ya meno alikofanya kazi. Nyumbani na kazini walimwita Chiriku, kwa sababu tangu utotoni hakujua kunyamaza. Siku hiyo alivaa gauni la njano lililomkaa kiunoni, hereni ndogo za lulu bandia, na viatu ambavyo havikufaa kabisa kwa duka lenye watu wengi namna ile. Alijua anapendeza. Alijua pia kwamba mwanamume huyu hakuwa ameliona hata gauni. Alikuwa anamsikiliza, macho yameinama kidogo, kama daktari aliyeweka kipimo kifuani kwa mgonjwa. Hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo. Watu humwambia Chiriku anyamaze.

Akampa namba yake ya simu, na ya kliniki kwa dharura.

Kesho yake, simu ya kliniki ikalia.

"Kliniki ya meno, nikusaidie nini?"

"Nina jokofu hapa linaumwa jino."

"Fundi! Hii ni simu ya kazi!"

"Basi nipangie miadi. Jumapili mchana, watu wakishalala baada ya chakula. Mtaa unakuwa kimya."

"Nije kwako peke yangu?"

"Dada yangu yupo. Atakuchosha kwa maswali, hutapata nafasi ya kuniogopa."

Fundi aliishi na dada yake mkubwa, mwanamke mnene, mchangamfu, aliyeshona nguo sebuleni na kusikia kila linalosemwa jikoni. Dada alimpokea Chiriku mlangoni, akamkagua kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, akatamka hukumu yake: "Mzuri. Ila atazimiwa jokofu huyu."

Hakuwa anatania. Jambo la kwanza alilofanya Fundi kabla ya kurekodi ni kuzima jokofu. Mlio wake, ambao wewe na mimi hatuusikii, yeye aliusikia kupitia kuta mbili. Aliutambua hata wa jirani. Mtu anayelishwa na majokofu akawa hana adui mkubwa kuliko jokofu, na kwa kuwa akishazama kwenye kazi husahau kuliwasha, nyama za dada zilikuwa zimeoza mara nyingi hata yeye mwenyewe aliacha kuzihesabu. Mwishowe dada alimwamuru aweke funguo zake za nyumba ndani ya jokofu kila anapolizima, ili asiweze kutoka bila kukumbuka.

Chumbani, mablanketi mapya yalikuwa yametundikwa pembe hadi pembe. Kabati la nguo lilikuwa wazi, na maikrofoni imesimama mbele yake, imevalishwa soksi nyeusi.

"Soksi ya nini?" Chiriku akauliza.

"Ukitamka 'pa', hewa inaipiga maikrofoni kofi. Soksi inapunguza."

"Imefuliwa?"

"Mama wee, ni mpya!"

Akamsimamisha auelekeze uso kabatini, kwenye makoti na magauni ya zamani ya dada, akampima umbali kutoka mdomoni hadi kwenye soksi kwa shubiri ya mkono wake. Mkono huo ulikaa karibu na midomo yake kwa muda mrefu kidogo kuliko kipimo kilivyohitaji.

Wimbo alikuwa ameutunga Chiriku mwenyewe. Ulikuwa juu ya mwanamke anayengoja simu, na kiitikio chake kilikuwa rahisi hata mtoto angekishika: *Nipigie, hata kama huna neno, nipigie, nisikie tu kwamba upo.*

Walirekodi Jumapili hiyo, na Jumapili zilizofuata. Shangazi yake Chiriku, aliyemlea, alipoulizia huko anakokwenda na akajibiwa, alishika kiuno.

"Yaani mwanamume anakuingiza kabatini, anakuzungushia mablanketi, halafu anakuambia uimbe?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe unaimba!"

"Naimba, shangazi."

"Haya. Mimi nimezeeka, nimeona mengi, hili sijaliona."

Zile zilikuwa siku tamu, tuseme ukweli. Fundi alimkalisha kwenye kiti cha pembeni, akamvika hedifoni, akamfundisha kusikiliza. Alimwonyesha jinsi herufi ya 's' inavyochoma sikio ikiachwa bila kupunguzwa. Alimwonyesha kwamba sauti iliyorekodiwa karibu mno huwa na tumbo, na ya mbali mno huwa na njaa. Alimwonyesha pumzi.

"Sikia hapa. Kabla ya 'nipigie'. Umesikia?"

"Nini? Kama mtu ananusa."

"Ni wewe. Unavuta hewa kwa pua, kifupi, kama mwizi. Kila mtu ana pumzi yake, mpenzi. Ukishaijua ya mtu, humsahau."

"Sasa unaifanyaje?"

"Naikata." Akaichagua kwenye kioo cha kompyuta, akabonyeza, ikatoweka. "Msikilizaji hataki kujua kwamba unachoka."

"Lakini nachoka."

"Utachokea kwangu, si kwa wasikilizaji."

Chiriku akacheka, na akalala begani kwake huku Fundi akiendelea kukata, moja baada ya nyingine, mpaka wimbo wote ukawa laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Alimpenda. Alimpenda kwa namna ya mtu ambaye hatimaye kapata mahali maneno yake yote yanakwenda. Na Fundi naye alimpenda. Asije mtu akasema baadaye kwamba hakumpenda. Alimpigia asubuhi kumuuliza ameamkaje, akampigia mchana akiwa amepiga magoti nyuma ya jokofu la mtu, akampigia jioni kumwambia tu kwamba hana la kumwambia.

Wimbo ulipotoka ulisambaa kupitia simu za watu, mmoja akimtumia mwenziwe. Daktari wa meno alianza kuupiga kliniki, wagonjwa wakawa wanakaa kwenye kiti cha kung'olea huku wakitikisa mguu. Na kila aliyeusifia alisifia mahali pamoja.

"Pale kwenye kiitikio, dada, unaniua!"

"Kile kiitikio, jamani! Kinafunguka kama mlango."

Chiriku alipokea sifa zote kwa mikono miwili. Ikawa hivyo mpaka binamu yake alipoolewa na akaombwa aimbe ukumbini. Alivaa gauni la kijani kibichi lililoshonwa na dada wa Fundi, lenye mabega wazi na mkia mfupi. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Alipofika kwenye kiitikio, watu waliinuka vitini, mikono juu, wakingoja mlango ufunguke. Haukufunguka. Sauti yake ilikuwa safi, ilikuwa sahihi, na ilikuwa peke yake. Mikono ikashuka taratibu. Watu wakakaa, wakapiga makofi ya heshima.

Mama mmoja alimfuata mezani. "Mwanangu, umeugua kifua? Mbona leo kiitikio hakikuwa kile cha kwenye simu?"

Jioni alimuuliza Fundi kwa simu.

"Nilikinenepesha kidogo, roho yangu. Kila mtu anafanya. Ukumbini huwezi kuwa na kila kitu."

"Ulikinenepesha kwa kitu gani?"

"Vitu tu. Tabaka tabaka. Lala, umechoka."

Angeweza kulala na jambo likaishia hapo. Lakini alikuwa amefundishwa kusikiliza, na mtu akishafunguliwa masikio huwezi kumwambia ayafunge. Siku yake ya mapumziko alijifungia chumbani, akavaa hedifoni, akakirudia kiitikio, akakirudia, akiiacha sauti yake ipite na kuchungulia chini yake. Chini kulikuwa na uimbaji usio na maneno, 'aaa' ndefu, nene, iliyobeba sauti yake kama mtu anavyombeba mtoto mgongoni. Siku zote alidhani ni kinanda. Kisha, katikati ya mstari, baina ya 'hata kama' na 'huna neno', mahali ambapo yeye mwenyewe asingeweza kuvuta hewa kwa sababu alikuwa anaimba, akaisikia.

Pumzi. Ndefu, ya mdomo, yenye mtetemo kidogo mwishoni.

Alirudisha nyuma. Ikawepo. Akarudisha tena. Ikawepo bado.

Hakumpigia Fundi. Alivaa viatu vya kwanza alivyovikuta, akaenda moja kwa moja nyumbani kwake. Fundi alikuwa kazini, dada alikuwa kwenye cherehani, mdomo umejaa pini.

"Wifi yangu! Karibu, karibu. Mbona unahema?"

"Dada, hebu nisikilizie hapa." Akamvika hedifoni. "Hapa katikati. Hiyo pumzi."

Dada alisikiliza, akatabasamu bila kufikiri. "Si Mwalimu huyo! Alikuwa anavuta hewa hivyo hivyo hata akiomba chumvi."

Kisha akayaona macho ya Chiriku, na pini zikamwanguka mapajani.

"Mwalimu nani, dada?"

"Ni mambo ya zamani, mama. Hajakuambia?"

Hakuwa amemwambia. Basi dada akaeleza, maana hapakuwa na pa kukimbilia. Mwalimu alikuwa akifundisha watoto wadogo, na kwa miaka mingi alikuwa akija humu ndani kuimba. Alikuwa mchumba wa Fundi. Kisha alipata kazi nchi ya mbali, akaenda, akaolewa huko huko. Fundi hakula vizuri kwa muda mrefu. Halafu akaanza tena kununua mablanketi.

Chiriku alimngoja kwenye kiti chake kile cha pembeni. Fundi aliingia akipiga mluzi, mkoba wa vifaa begani, akamwona, akafurahi, kisha akauona uso wenyewe.

"Nani anaimba 'aaa' chini yangu?"

Fundi akaweka mkoba chini polepole. "Ni kipande cha zamani. Kilikuwa kwenye mashine. Kililingana na wimbo wako, nikakiweka. Ni sauti tu, mpenzi, kama kinanda."

"Kinanda kina jina. Kinaitwa Mwalimu."

"Nani kaku..." Akatazama sebuleni. Cherehani ilikuwa imenyamaza ghafla. "Sikiliza. Sina mawasiliano naye. Wallahi sijasikia neno lake tangu aondoke. Wimbo ulihitaji uzito, na wewe ulikuwa peke yako."

"Nilikuwa peke yangu nikiwa na wewe!"

"Si hivyo ninavyo..."

"Pumzi zangu umezikata zote, Fundi. Zote. Hukuacha hata moja. Ulisema msikilizaji hataki kujua kwamba nachoka. Hii yake umeiachaje?"

"Imenipita."

"Wewe? Wewe unayesikia jokofu la jirani?"

Fundi akageuka kunyoosha blanketi lililokuwa limenyooka. Afadhali angedanganya vizuri zaidi. Chiriku akainuka, akapita katikati ya mablanketi, akatoka. Njiani alilia waziwazi, bila kujifuta, na watu wakampisha.

Alikaa siku nyingi bila kupokea simu zake. Simu ililia bafuni, ikalia kwenye mkoba, ikalia chini ya mto. Shangazi akasema, "Aidha uipokee au uitupe, mimi nataka kulala." Hakuipokea, hakuitupa. Alikuwa na hasira na alikuwa na hamu, na vyote viwili vilikaa kifuani pamoja kama wapangaji wasiosalimiana.

Asubuhi moja, kliniki ikiwa imejaa, Fundi akajipanga foleni ya mapokezi. Alikuwa amekonda. Amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya.

"Jina?" Chiriku akauliza bila kuinua macho.

"Unalijua."

"Tatizo lako?"

"Jino."

"Lipi?"

"Lote."

Mzee aliyekuwa nyuma yake akakohoa. "Kijana, kama ni mapenzi sema haraka, mimi taya limevimba kweli."

Chiriku akauma mdomo asicheke. Fundi akainamia meza.

"Nimekosa," akasema kwa sauti ya chini. "Si kwa kumkumbuka, maana mtu hachagui. Nimekosa kwa kukufanya umbebe bila kujua. Njoo turekodi upya. Kila tabaka litakuwa lako, na pumzi zako naziacha zote, hata ukipiga chafya."

"Na ile ya zamani?"

"Imeshasambaa, siwezi kuingia kwenye simu za watu. Lakini tutatoa mpya. Nipe Jumapili moja."

"Wagonjwa wanangoja, Fundi."

"Mimi pia ni mgonjwa."

"Mpe Jumapili, binti," mzee akaomba, mkono shavuni. "Nakusihi."

Akampa.

Wakarekodi upya. Chiriku aliimba kiitikio karibu na maikrofoni, akakiimba mbali kidogo, akakiimba kwa kunong'ona, akakiimba akiwa amegeuka ubavu, na Fundi akazipanga sauti hizo zote moja juu ya nyingine mpaka Chiriku mmoja akawa kundi. Walikula pamoja na dada, wakataniana. Fundi alikuwa mpole kuliko zamani, mpole kiasi cha mtu anayetembea chumbani kwa mgonjwa. Wimbo mpya ulipotoka, wachache waliupokea. Wengine waliuliza mbona wimbo umepoa. Chiriku alijitia hamnazo. Alikuwa amempata mtu wake, na huo ndio wimbo aliokuwa anautaka.

Jumapili iliyofuata Fundi alimvika hedifoni kama kawaida, akamwambia afumbe macho. Alidhani atasikia muziki. Alisikia sauti yake Fundi, aliyoirekodi peke yake, ikitetemeka: "Mimi si msemaji, Chiriku. Ila nataka nikusikie kila siku mpaka masikio yangu yachoke. Nioe... namaanisha nikuoe. Ah, nimekosea, hili nitalikata."

Hakulikata. Alipofumbua macho alikuta pete ndogo kiganjani mwake, na Fundi amepiga magoti kama mbele ya jokofu lililoharibika.

Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini lilikuwepo jambo dogo lililomkera kama punje ya mchanga kiatuni, na alijua akilimeza leo atalitembelea maisha yake yote.

"Sauti zake ziko wapi?" akauliza.

"Nimemtoa kwenye wimbo."

"Sijauliza wimbo. Kwenye mashine."

Fundi akatazama kompyuta. "Ziko kwenye faili lake."

"Nyingi?"

"Miaka yote ile."

"Zifute, Fundi. Futa zote hapa nikiona, nivae pete."

Wapo watakaosema alikuwa mkali mno. Labda. Lakini hakuwa anashindana na mwanamke. Mwanamke alikuwa na mume na watoto nchi ya mbali na hakujua lolote. Alitaka kujua kitu kimoja tu: huyu mwanamume, akikaa kimya, anamsikiliza nani?

Fundi akageukia kompyuta. Akalifungua faili, akalitazama. Mkono ukakaa juu ya kipanya kwa muda ambao Chiriku aliona ni mrefu mno, kisha akabonyeza. Akabonyeza tena mashine ilipomuuliza kama ana hakika. Faili likaondoka. Kioo kikabaki kitupu.

"Haya," akasema, akatabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa la mtu aliyetoka kumzika mtu na anakaribisha wageni.

Chiriku aliliona. Aliliona waziwazi, na akaamua hakuliona. Akavaa pete. Dada, aliyekuwa ametega sikio mlangoni, akapiga kigelegele mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kuna nini.

Mambo yakaanza kwenda mbio. Shangazi alipanga wageni, akawapangua. Gauni jeupe likakatwa, dada akampima kifua na kiuno huku akimtania kwamba asinenepe kabla ya siku. Fundi alipiga simu kila asubuhi, ingawa sasa simu zilikuwa fupi. "Umeamkaje? Vizuri. Haya, nakupenda." Chiriku alijiambia ni uchovu. Bibi harusi ana sababu nyingi za kujiambia mambo.

Mchana mmoja, kliniki ikiwa na wagonjwa wachache, simu yake ikalia. Alikuwa dada.

"Wifi! Njoo umchukue mumeo, amerukwa na akili kwa mapenzi!" Dada alikuwa anacheka. "Kazini haendi. Tangu juzi kajifungia humo ndani, anasikiliza wimbo wako kutwa kucha. Jana nimechungulia nimemkuta analia. Analia, mwenzangu, kwa ajili yako! Mimi sijawahi kupendwa hivyo hata na marehemu mume wangu."

Chiriku akaanza kucheka naye, kisha akaacha.

"Wimbo upi, dada? Ule mpya?"

"Mimi sijui mpya wala wa zamani, wimbo wako huu huu. Kaamua kuupiga kwenye spika leo, mtaa mzima unasikia. Ngoja nikusogezee usikie mwenyewe."

Alisikia ndara za dada zikiburuza sakafuni. Alisikia cherehani ikibaki nyuma. Kisha muziki ukakaribia, umepita mlangoni na kwenye mablanketi, na sauti yake mwenyewe ikaanza kuimba kiitikio. *Nipigie, hata kama...*

Pale katikati, mtu akavuta hewa kwa mdomo, pumzi ndefu, yenye mtetemo kidogo mwishoni.

Muziki ukakatika. Fundi alikuwa ameusimamisha. Akarudisha nyuma. *Nipigie, hata kama...* Pumzi. Akasimamisha tena, akarudisha tena. Kwenye mashine alizifuta sauti zote, kama alivyoombwa, na sasa mwanamke yule hakuwa amebaki popote isipokuwa chini ya sauti ya Chiriku.

"Umesikia?" dada akauliza kwa furaha. "Anapenda pale pale tu, anaparudia rudia. Nimgongee nimwambie uko kwenye simu?"

Chiriku aliishika simu kwa mikono miwili. Yule ambaye maisha yake yote aliambiwa anyamaze, akakaa na simu sikioni, midomo wazi. Machozi yalimshuka mpaka kwenye kola ya sare. Hakuwa na hasira hata kidogo. Laiti angekuwa nayo, ingemsaidia kuinuka.

"Haloo? Wifi? Upo?"

"Nipo, dada. Nimesikia."

"Basi nimgongee?"

"Usimgongee. Mwache asikilize." Akavuta hewa kwa pua, kifupi. "Na lile gauni, dada... usilimalizie. Nitakuja mwenyewe kuwaambia."

Upande wa pili kicheko kikafa. Dada akaanza kuuliza kulikoni, amekosea nini, nani kamuudhi. Chiriku akakata simu, akaanza kuivua pete, na mgonjwa aliyekuwa mbele yake, mama mwenye shavu lililovimba, akamsogezea leso yake bila kuuliza kitu.